Kozi, mlezi, kikundi au simu: mfanyabiashara mdogo wa Tanga ajifunzie wapi?

Mpika mafuta ya nazi wa Sahare, fundi cherehani wa Ngamiani, mwenye genge Makorora, na yule anayewahi samaki Deep Sea kabla jua halijachomoza, wote wanaambiwa jambo moja: jifunze biashara. Ushauri ni mzuri, ila haumsaidii mtu kuchagua. Njia ni nyingi, kila moja ina gharama yake, na ukikosea njia unapoteza pesa na siku za kazi, kisha unaapa kwamba mafunzo hayana maana.

Hapa tunalinganisha njia nne ambazo mfanyabiashara wa Tanga anaweza kuzipata: kozi fupi ya darasani, mlezi wa biashara (wengine humwita kochi), kikundi cha wafanyabiashara wenzako, na kujifunza kwa simu.

Vigezo tulivyotumia

Kabla ya kupima njia, jipime wewe. Biashara nyingi ndogo zinakwama kwa sababu zinazofanana kwa nje lakini ndani ni tofauti. Kuna asiyejua: hajawahi kufundishwa kukokotoa gharama ya bidhaa moja. Kuna anayejua asiyefanya: daftari amenunua, ameandika siku nne, akaacha. Na kuna asiyeona: hesabu anafanya, anauza kila siku, ila faida inavujia mahali ambapo macho yake yamepazoea. Huyu wa tatu ndiye mgumu kusaidiwa, kwa kuwa hajui aulize nini.

Ukishajua uko wapi, kila njia iulize maswali haya:

- Inagharimu nini, kwa pesa na kwa saa za kufunga biashara?
- Inakufundisha nini hasa?
- Nani anafuatilia baada ya somo?
- Huharibika wapi?
- Inamfaa nani?

Swali la tatu ndilo tunalolipa uzito kuliko yote. Somo ambalo baada ya wiki mbili halijabadilisha kitu kwenye daftari, bei au rafu, bado halijaingia kwenye biashara.

Mfano wa kupimia: chupa ya mafuta ya nazi

Ili njia zote zipimwe kwa kitu kimoja, tuchukue mpika mafuta ya nazi anayeuza chupa za mililita 250. Bei za hapa ni za mfano, weka zako.

Tuseme nazi 12 zilizokomaa zinatoa lita moja, yaani chupa 4. Nazi moja ni shilingi 600, jumla 7,200. Chupa tupu 4 kwa 400 ni 1,600. Lebo 4 kwa 150 ni 600. Mkaa 1,000, nauli 500. Jumla ni 10,900, hivyo kila chupa imemgharimu 2,725. Akiuza 3,500 anabakiwa na 775, kabla hajajilipa kwa kukuna, kukamua na kukaa jikoni.

Sasa nazi zipande hadi 900. Gharama ya lita inakuwa 14,500, chupa moja 3,625. Kila chupa anayoiuza 3,500 inamtia hasara ya shilingi 125, na wateja wapo, na pesa anaishika mkononi kila siku. Mpaka wake ni nazi ya shilingi 858: ikivuka hapo, ama apandishe bei, ama asimame.

Kuna mvujo mwingine, wa kimyakimya zaidi. Mletaji akimchanganyia koroma kwenye gunia, lita moja itataka nazi 15 badala ya 12, kwa sababu koroma bado haijajenga mafuta ya kutosha. Bei ya nazi haijapanda hata senti, lakini gharama ya chupa imefika 3,175 na faida imeshuka kutoka 775 hadi 325. Asiyehesabu nazi za kila mpiko atasema tu, "siku hizi biashara ngumu."

1. Kozi fupi ya darasani

*Gharama.* Ada hutofautiana, na kuna mafunzo ya bure yanayopitia halmashauri au miradi. Gharama inayosahaulika ni siku za kufunga. Kozi ya siku tano, asubuhi hadi jioni, kwa mtu anayebakiwa na shilingi 15,000 kwa siku, imeshamla 75,000 kabla ya ada na nauli. Ulizia kama kuna zamu ya jioni au ya siku mbili kwa wiki.

*Unachofundishwa.* Hapa kozi haina mpinzani kwa jambo la kitaalamu lenye hatua zake: usindikaji, usafi wa uzalishaji, ufungashaji, ushonaji, uchomeleaji. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria mwaka 1994, ina chuo Tanga. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi ya mkoa Tanga kama ilivyo kwenye mikoa mingine ya Bara, na mafunzo yake huambatana na ushauri wa mashine na vifungashio. Kwa mpika mafuta kuna faida ya ziada. Tangu 2019 vyakula na vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango), na mjasiriamali mdogo anaweza kuanza safari ya alama ya ubora kwa barua ya utambulisho ya SIDO. Mlezi wala kikundi hawana barua ya kukuandikia.

Upande wa biashara yenyewe, darasa litakupa kanuni: gharama za moja kwa moja, gharama za kudumu, bei, faida. Ni msingi mzuri. Mafanikio yake kwenye faida, kwa wastani, ni ya kiasi. Mapitio ya tafiti za nchi nyingi yanaonyesha mafunzo ya biashara huongeza mauzo na faida kwa asilimia 5 hadi 10 hivi. Na aina ya somo ina uzito. Huko Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa kwenye makundi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa waliofundishwa kujituma, yaani kutafuta fursa kabla hazijawafuata, kuweka malengo na kuvuka vikwazo, waliongeza faida kwa asilimia 30, ilhali waliofundishwa uhasibu na masoko kwa mtindo wa kawaida waliongeza asilimia 11 tu, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uhakika.

*Ufuatiliaji.* Mdogo. Cheti kikitoka, mwalimu amepata darasa jingine.

*Panapoharibika.* Mwalimu anafundisha uhasibu wa kampuni kwa watu wanaohitaji safu nne za daftari. Jamhuri ya Dominika ilipimwa hivi: waliofundishwa kanuni chache rahisi za kukumbuka, kama kutenga pesa ya biashara na ya nyumbani kwenye droo mbili na kuandika karatasi kila unapokopa kutoka droo moja kwenda nyingine, walitunza kumbukumbu vizuri kuliko wale wasiofundishwa, na wale wa uhasibu kamili hawakuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza: mtatumia hesabu za biashara zetu wenyewe, au mifano ya kitabuni?

Jambo jingine ni la kina mama. Dar es Salaam waliwahi kufundisha wateja wa mikopo midogo vipindi 21 vya dakika 45. Wanaume walionekana kupiga hatua kwenye faida. Kwa wanawake matokeo yalikuwa hafifu. Akili zao hazina kasoro. Somo peke yake haliondoi mzigo wa nyumbani, wala halimpi mama sauti juu ya pesa aliyoitafuta. Mama anayejua hali yake iko hivyo asitegemee darasa tupu.

*Inamfaa.* Asiyejua, anayebadili bidhaa, au anayehitaji cheti na njia rasmi.

2. Mlezi wa biashara

Tutenganishe kwanza. Mkufunzi anakupa somo. Mshauri anakupa jibu. Mlezi anakaa na wewe kwa muda, anakuuliza, anakukumbusha, anakuacha uamue. Wapo wenye sifa zote tatu, lakini jua umemwendea nani kwa lipi.

*Gharama.* Mlezi wa kulipwa huweka bei yake kwa kikao au kwa miezi mitatu. Mlezi wa hiari, mara nyingi mfanyabiashara mkongwe wa mtaa, hatozi kitu, ila muda wake nao si wa kuchezea. Kikao hakizidi saa moja na hufanyika pale pale pa biashara, kwa hiyo hufungi.

*Unachofundishwa.* Kinachotokana na biashara yako, na hicho tu. Kikao kizuri huanza hivi:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, dada. Daftari liko wapi?"

"Sikuandika tangu Jumatano, tulikuwa na msiba."

"Poleni sana. Basi tuanzie Jumanne. Nazi ngapi ziliingia jikoni, na chupa ngapi zilitoka?"

Swali hilo la mwisho ndilo kazi ya mlezi. Dada alikuwa anaandika "nazi, 9,000" na "mauzo, 14,000", na kwa maandishi hayo koroma haionekani kamwe. Mlezi hamwambii kwamba anaibiwa. Anamwomba kwa wiki mbili aongeze safu mbili kwenye daftari: idadi ya nazi, idadi ya chupa. Kikao kijacho mpiko wa Ijumaa utaonyesha nazi 12 kwa chupa 4, wa Jumatatu nazi 15 kwa chupa 4, na dada ataona mwenyewe kwamba gunia la Jumatatu lilitoka kwa mletaji mwingine. Hapo hahitaji kushawishiwa.

Mpangilio wa saa moja tunaoupendekeza: dakika 10 kupitia kazi ya kikao kilichopita, dakika 10 kusoma daftari, dakika 30 kwa tatizo moja, dakika 10 kukubaliana kazi moja na tarehe. Kazi moja. Mlezi anayekuachia mambo saba hukutia moyo kwa wiki ya kwanza tu.

*Ufuatiliaji.* Ndiyo nguvu yake. Vikao vya kila wiki mbili kwa miezi mitatu, yaani sita au saba, vinatosha kujenga tabia ya kuandika.

*Panapoharibika.* Dandora, Nairobi, wanawake wenye biashara changa waliunganishwa na wanawake waliofanikiwa wa eneo lile lile. Faida ya waliolelewa ilipanda kwa wastani wa asilimia 20, na sehemu kubwa ilitokana na kuelekezwa kwa wauzaji wa bei nafuu. Wenzao waliopelekwa darasani hawakuona ongezeko la faida. Lakini uhusiano ulipokatika, faida nayo ilirudi chini. Maana yake, mlezi akikupa majina ya wauzaji bila kukufundisha namna ya kuwatafuta, siku akiondoka umerudi mwanzo. Kila kikao muulize, "Hili umelijuaje?" Jibu la swali hilo hubaki na wewe.

Hatari nyingine ni maslahi. Mlezi anayekuuzia mzigo, anayetaka ubia mwezi wa kwanza, au anayeomba namba ya siri ya simu yako, huyo ana shughuli nyingine. Mlezi bora analijua soko la Tanga lakini hagombei wateja wako: muuza sabuni wa Mgandini anaweza kumlea mpika mafuta, kwa kuwa wanajuana na wauzaji wale wale wa chupa. Andikeni ukurasa mmoja: vikao vingapi, lini, malipo kiasi gani, na kwamba hatagusa pesa za biashara.

*Inamfaa.* Anayejua asiyefanya, na zaidi yule asiyeona. Asiyejua kabisa akianza na mlezi atalipa vikao vitatu kufundishwa ambacho darasa lingempa kwa asubuhi moja.

3. Kikundi cha wenzako

*Gharama.* Chai na nauli. Saa moja na nusu kila wiki mbili inatosha, jioni baada ya soko kupoa.

*Unachofundishwa.* Habari za sokoni zilizo hai: nani ana nazi kavu zilizokaa, gari gani linapandisha mzigo kutoka Pangani kwa bei nafuu, chupa zipi zinavuja kifuniko. Mwalimu wa darasani hawezi kuyajua haya. Nanchang, nchini China, wamiliki wa biashara changa waliwekwa kwenye vikundi vya watu kumi hivi, wakakutana kila mwezi kwa mwaka mmoja. Mapato yao yalipanda kwa takriban asilimia 8 kuliko wasiokutana.

Watu sita hadi kumi ndio kiasi. Kila kikao kina mwenye zamu: anafungua daftari lake, anasema tatizo moja, wengine wanauliza maswali kwa dakika 20 kabla ya yeyote kutoa ushauri. Bila kanuni hiyo, mkubwa wa umri au mwenye sauti ataongea peke yake, na kwa heshima zetu za Pwani hakuna atakayemkatiza.

*Ufuatiliaji.* Wa wastani. Aibu ya kurudi bila kazi inasukuma, mradi kuna mtu anayeandika nani aliahidi nini.

*Panapoharibika.* Pesa. Kikundi cha kujifunza kikigeuka upatu, kikao kinakuwa cha kukusanya na madaftari yanabaki nyumbani. Si kwamba kuweka pamoja ni vibaya, tenganisheni siku. Na mkianza kuweka na kukopeshana, mmeingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayotaka kikundi kisajiliwe. Halmashauri ndiyo mlango wenu.

Wengi hujiunga kwa ajili ya mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Ni fursa ya kweli. Lakini watu waliokutana wiki iliyopita kwa sababu ya fomu hawajuani vya kutosha kulipiana deni. Kaeni miezi sita mkionyeshana madaftari kwanza. Mtajua nani analipa na nani anahadithia.

*Inamfaa.* Anayefanya vizuri lakini yuko peke yake, na asiye na pesa ya ada.

4. Simu

*Gharama.* Bando. Video ya dakika 10 kwa ubora wa chini hula kama MB 50, kwa ubora wa juu mara kadhaa zaidi, hivyo shusha ubora kwenye mipangilio. Muda ni wako, hata saa tano usiku.

*Unachofundishwa.* Jambo moja dogo kwa wakati: kupiga picha ya bidhaa kwenye mwanga wa dirisha, kupanga katalogi ya WhatsApp, kuandika ujumbe wa kumkumbusha mdaiwa bila kumvunjia heshima. Kwa hayo simu inatosha kabisa.

*Ufuatiliaji.* Hakuna.

*Panapoharibika.* Unatazama video kumi, hufanyi hata moja. Weka sharti: video moja, kisha simu inafungwa mpaka uijaribu. Pili, mwalimu wa video anaongelea soko la Nairobi au Lagos, na bei zake si zako. Tatu, yapo makundi yanayoitwa ya mafunzo ambayo kazi yake ni kuuza nafasi: unalipa kiingilio, unaambiwa ulete wawili ili upate chako. Penye faida inayotokana na kuleta watu, hakuna somo la biashara, toka.

*Inamfaa.* Anayejua anachotafuta. Asiyeona tatizo lake hawezi hata kuliandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Uanzie wapi, kwa hali yako

Kama hujawahi kukokotoa gharama ya bidhaa moja, anza na kozi fupi, na mwombe mwalimu afanye hesabu ya bidhaa yako ubaoni. Fika ofisi ya SIDO ya mkoa au kwa afisa biashara wa halmashauri, uulize ratiba ya karibu.

Kama cheti unacho na daftari ni tupu, usirudi darasani. Tafuta mlezi kwa miezi mitatu, na kikao cha kwanza kiwe juu ya daftari peke yake. Kumbuka pia kwamba jedwali la kodi ya makadirio la TRA (Mamlaka ya Mapato) linawatofautisha wafanyabiashara wadogo wanaotunza kumbukumbu na wasiotunza. Daftari hilo litakufaa hata siku ya makadirio.

Kama mauzo yapo na pesa haionekani, ni mlezi tena, lakini mwenye kujua bidhaa za aina yako. Kabla hujampata, hesabu malighafi inayoingia na bidhaa inayotoka kwa mipiko mitano mfululizo.

Kama uko Mkinga, Pangani au kijijini Muheza na nauli ya kwenda mjini inauma, unda kikundi cha watu sita hapo hapo. Mmoja wenu aende kozi kwa niaba ya wote, nauli mchangiane, akirudi afundishe vikao viwili.

Kama unanyonyesha au unauguza, na saa zako ni za kukatika katika, anza na simu kwa jambo moja dogo, na mpe shoga mmoja mwenye biashara kazi ya kukuuliza kila Ijumaa: umejaribu?

Na kama una pesa ya njia moja tu mwaka huu, na hujui uko kundi gani kati ya yale matatu, usilipie chochote kwanza. Nunua daftari la kurasa 96, chora safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, nani ananidai au namdai nani. Andika siku 14, hata siku ya msiba. Ukishindwa kuzijaza, tafuta mlezi. Ukizijaza lakini usielewe zinasema nini, nenda kozi. Ukizijaza, ukazielewa, na bado bei ya malighafi inakushinda, wenzako wa kikundi wanajua inakopatikana kwa nafuu.